Kuzunguka kusini kwa siku 12 (Dar–Mtwara–Songea–Njombe–Iringa–Dar): basi au gari dogo?

Mkweche

Wakuu, heshima kwenu.

Mwezi wa 7 tunataka kuzunguka kusini yote bila kurudi kwa njia tuliyoendea. Yaani Dar, Kilwa, Mtwara, Masasi, Tunduru, Songea, Njombe, Iringa, Morogoro, halafu nyumbani. Tuko wanne, mmoja ni mama yetu mwenye miaka 68 na magoti yanamsumbua. Gari lililopo ni Toyota IST ya cc 1300, otomatiki. Siku tulizonazo ni 12.

Naomba kufahamishwa:
- IST inamudu mzunguko huu, au kuna vipande vya vumbi vitakavyoila chini?
- Kama ni basi, tulale miji ipi ili tusikose usafiri wa kuunganisha?
- Tuanzie pwani au tuanzie Iringa?
- Kuna njia za mkato? Ramani ya simu inanionyesha moja kutoka Songea kwenda Ifakara, inaonekana fupi sana.

Natanguliza shukrani.

---

Utingo Mstaafu

Mkuu, nianze na hilo la mwisho maana ndilo la hatari. Mstari huo wa Songea–Ifakara unapita Lumecha, Londo, Malinyi na Lupiro. Kwenye ramani ni barabara kama nyingine, ila ukifika ni njia ya udongo inayokatiza pori na mabonde ya mto Kilombero. Usiingize IST huko, hata kiangazi. Na usishawishike na ile ya Nangurukuru–Liwale–Nachingwea inayoonekana kukata kona ya Lindi. Simu inahesabu kilomita, haihesabu makorongo.

Mzunguko wako wenyewe ni lami mwanzo mwisho. Umbali wa kukadiria ni huu:

Dar – Nangurukuru: 300
Nangurukuru – Lindi: 150
Lindi – Mtwara: 105
Mtwara – Mingoyo – Masasi: 200 na ushei
Masasi – Mangaka – Tunduru: 195
Tunduru – Namtumbo – Songea: 265
Songea – Madaba – Njombe: 240
Njombe – Makambako: 60
Makambako – Mafinga – Iringa: 160
Iringa – Morogoro: 305
Morogoro – Dar: 190

Jumla ni kama kilomita 2,200 kabla hujachepuka popote.

Sasa basi. Kosa linalowafanya watu walale stendi kule ni kupanga safari kwa kutazama umbali peke yake, wakati cha kutazama kwanza ni basi linaanzia wapi. Mabasi mengi ya kusini huondoka alfajiri, saa 11 hadi saa 1 asubuhi, kutoka mji linakolala gari. Ukilala Mtwara, Masasi, Songea au Njombe unapanda basi tupu, unachagua siti, mzigo unaingia buti la chini ukiona kwa macho yako. Ukilala Tunduru au Namtumbo mara nyingi unasubiri basi la kupita, na hilo likifika limeshajaa. Utapata, lakini utakaa siti ya mwisho juu ya injini, au mtagawanywa wanne mabasi mawili. Kwa mama wa miaka 68 hilo halifai. Kwa hiyo Masasi–Songea ifanyeni siku moja, msiikate Tunduru.

Kukadiria muda, gawanya kilomita kwa 55. Basi haliruhusiwi kuzidi 80 kwa saa, kila kijiji ni 50, halafu kuna mizani, kula, kushusha na kupakia. Masasi–Songea km 460 ni saa 8 na nusu hivi. Mkitoka saa 12 asubuhi mnafika saa 8 na nusu au saa 9 mchana, jua bado lipo. Dar–Mtwara moja kwa moja ni saa 10. Safari inayozidi saa 8 inatakiwa iwe na madereva wawili, ulizia hilo wakati wa kukata tiketi, ni haki yako.

Kilwa ina kamtego kake. Basi la Mtwara halifiki Kilwa Masoko, linakushusha Nangurukuru njia panda. Kutoka hapo hadi Masoko ni kama kilomita 30, unachukua Noah, Kosta au bajaji. Siku ya kuondoka mnarudi Nangurukuru na kungoja basi lililotoka Dar asubuhi, ambalo kwa hesabu ileile ya 55 linafika hapo saa 5 na nusu au 6 mchana. Hakuna faida ya kuamka alfajiri siku hiyo. Piga simu ofisi ya basi ya Dar jana yake ulipie siti za kuanzia Nangurukuru, la sivyo mtasimama hadi Lindi.

Tiketi: kata dirishani au kwa mtandao, usimpe hela mpiga debe anayekuvuta mkono. Soma kama ina jina lako, namba ya siti, namba ya gari na muda wa kuondoka. Halafu uliza swali moja kwa sauti mbele ya watu: "Gari hili linaishia wapi?" Ukiambiwa "tutaunganisha mbele", maana yake mtafaulishwa kwenye basi lingine njiani, na siti uliyochagua imekufa. Stendi ya Dar ni Magufuli pale Mbezi Luis. Mkiwa upande wa Temeke, ulizeni ofisini kama basi lenu linapakia na Mbagala, mtajiokolea foleni ya asubuhi.

Siti ya mama: katikati ya basi, kati ya tairi za mbele na za nyuma, upande wa korido ili anyooshe mguu. Juu ya tairi kunarusha. Nyuma kabisa kuna joto la injini. Na kuhusu jua, mwezi wa 7 linakaa kaskazini, kwa hiyo Masasi kwenda Songea mkae kushoto. Dar kwenda Kilwa asubuhi mkae kulia. Mwambieni konda mapema, kabla gari halijang'oa, kwamba kuna mtu mzima atakayehitaji kuchimba dawa mara kwa mara. Akiambiwa stendi anakubali, akiambiwa katikati ya pori ananuna.

---

SpanaKumi

Nakazia upande wa gari.

IST inatosha. Barabara haina shida nayo, tatizo ni mzigo. Watu wanne na mabegi nyuma, injini ya 1300, hesabu kilomita 13 kwa lita badala ya zile 16 za mjini mnazojisifia. 2,200 gawanya kwa 13 ni lita 170. EWURA (mamlaka ya nishati na maji) hutangaza bei kikomo ya mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, zidisha hapo. Kisha chukua nauli elekezi za LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini) za vipande vyote, zidisha mara nne. Mkiwa wanne hesabu hizo mbili hukaribiana. Mkiwa wawili, basi linashinda bila ubishi. Kwenye kesi yenu gari linashinda kwa sababu ya magoti ya mama, si kwa sababu ya hela.

Kabla ya kuondoka, tairi kwanza. Ubavuni kuna tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi nyingi za mitumba zina kashata (michongo ya juu ya tairi) nzuri lakini mpira umezeeka. Mjini hutaliona hilo, utaliona baada ya saa tatu za mwendo wa 90 kwenye lami ya moto. Jaza upepo asubuhi tairi likiwa baridi, kwa kipimo cha kibandiko kilicho kwenye nguzo ya mlango wa dereva, na kama kibandiko kina kipimo cha gari lililojaa tumia hicho. Upepo mdogo unafanya ubavu wa tairi ukunjike na kukunjuka, joto linapanda, linapasuka. Spea nayo ipimwe, watu husahau. Ile nyembamba ya dharura si ya kukimbilia: 80 basi, na mpaka kwa fundi wa pancha wa kwanza.

Cha pili breki, na hapa ndipo ninapowabana wanaokwenda na otomatiki. Mkizunguka kwa kuanzia pwani, mlima Kitonga, ule wa kati ya Iringa na Mikumi, mtaushuka. Ukiweka D na kukanyaga breki muda wote, pedi na diski zinapata moto, mafuta ya breki yakiwa ya zamani yamenyonya maji na yanachemka, yanatoa mvuke ndani ya bomba. Mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama, gari halipungui. Fanya hivi: badilisha mafuta ya breki kabla ya safari kama yana zaidi ya miaka miwili. Juu ya mlima, kabla ya kona ya kwanza, punguza mwendo hadi 40, zima O/D (kitufe cha overdrive kwenye gia), ingiza 2. Mteremko ukikaza na mwendo unazidi kupanda, punguza tena ndipo uingize L. Injini italia, iache ilie, haiharibiki. Breki unagusa kwa vipindi: kanyaga kwa nguvu, punguza, achia. Ukisikia harufu ya kuungua tafuta pa kusimama salama, acha zipoe zenyewe robo saa au zaidi. Usimwagie maji diski, itapinda.

Kwenye Kitonga hakuna kuovateki. Malori yanayopanda yanatambaa, na yanayoshuka huenda yamekosa breki. Kaa nyuma, acha nafasi.

Vitu vya kuwa navyo askari akikusimamisha: leseni, bima iliyo hai, pembetatu mbili za kuakisi, kizimamoto ambacho hakijaisha muda. Tochi za kupima mwendo zipo, hasa mwanzoni na mwishoni mwa vibao vya 50. Kosa moja ni faini ya 30,000, inalipwa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo. Hela haikabidhiwi mkononi.

Mafuta: sheria yangu kule ni nusu tanki. Jaza Masasi, ongeza Tunduru, jaza Songea. Kati ya Tunduru na Namtumbo usitegemee chochote.

---

Mama Ruvuma

Karibuni kwetu. Mengi yamesemwa vizuri, nitaongeza ya Songea na Njombe, na moja nitampinga kidogo SpanaKumi.

Kipande cha Tunduru–Namtumbo–Songea msikiendeshe usiku. Pale ndipo ushoroba wa wanyama wa Selous–Niassa unapokatiza barabara, na tembo hana kiakisi cha mwanga. Tangu Oktoba 2023 mabasi yaliruhusiwa tena kusafiri usiku nchini, watu wakadhani sasa kila barabara ni ya usiku. Dar–Iringa sawa, kuna magari muda wote na ukiharibikiwa unapata msaada. Huku kwetu ukiharibikiwa saa 4 usiku utaonana na watu asubuhi.

Mangaka mtaona njia inachepuka kushoto kwenda Mtambaswala na Daraja la Umoja, mpaka wa Msumbiji. Mkifuata msongamano wa malori bila kusoma kibao mtajikuta mnaelekea mto Ruvuma. Songea ni moja kwa moja.

Ziwa Nyasa nawashauri msilikose, maana kutoka Songea barabara ya Mbinga hadi Mbamba Bay imekamilika lami: kama km 100 hadi Mbinga, halafu 66 za kushuka milima. Hizo 66 ni kona juu ya kona, zina mteremko mkali, kwa hiyo yale ya gia ya 2 na L yanaanzia huku, kabla hata ya Kitonga. Mliokuja kwa basi, kodini gari Songea kwa siku mbili badala ya kubeba gari kutoka Dar kwa ajili ya kipande hiki tu. Ila mkikodi, ombeni kuona bima. Bima ya gari binafsi kwa kawaida haimlipi aliyekodishiwa, na ile ndogo inamlipa mtu wa tatu peke yake, ninyi na gari hamumo. Andikianeni mapema nani analipa pancha, kilomita ngapi kwa siku, na dereva wake analala kwa gharama ya nani. Pigeni picha mikwaruzo yote mkiwa na mwenye gari.

Baridi: mwezi wa 7 Njombe inashuka chini ya nyuzi 10 usiku, na Makete huko juu umande unaganda. Makoti yakae mkononi, yasiwekwe kwenye buti. Mama akitoka joto la Mtwara na kanga moja akaamkia stendi ya Njombe saa 11 alfajiri, hayo magoti mtayajutia. Kuna ukungu asubuhi kati ya Njombe na Makambako. Washa taa za chini, zile kubwa zinakurudishia ukuta mweupe machoni, na usisimame barabarani hata kama huoni. Toka nje ya lami kabisa.

Ninalompinga SpanaKumi ni gari. Mkienda na IST, dereva ni nani? Kama ni mtu mmoja wa kuendesha km 2,200, basi linawafaa zaidi. Siku ya Masasi–Songea ni siku nzima ya usukani. Kama mko wawili wenye leseni, sawa.

---

Mkweche

Asanteni sana wakuu. Madereva tuko wawili, kwa hiyo gari limepita. Bado mwelekeo: nimeona wengine wanasema kuanzia Iringa ni bora kwa sababu Kitonga unaipanda badala ya kuishuka.

---

SpanaKumi

Ni kweli kwamba kuipanda kunaokoa breki, lakini shida inahamia kwenye rejeta. Gari limejaa, AC imewashwa, uko nyuma ya lori la mwendo wa 15, upepo wa kupoza injini hakuna. Zima AC ukianza kupanda, tazama kipimo cha joto, acha nafasi na lori ili usisimame-simame. Ikipanda juu ya kawaida washa hita kwa nguvu zote na fungua madirisha. Ni jela, lakini inatoa joto kwenye injini. Usifungue mfuniko wa rejeta ya moto. Kwa gari lenye breki mpya na dereva anayejua gia, sioni tofauti kubwa ya kuamulia safari.

---

Utingo Mstaafu

Mimi nasema pwani kwanza, na sababu yangu ni ratiba. Kipande chenye magari machache ni Mtwara hadi Songea. Kimalizeni mkiwa bado na siku mkononi. Kikiwaharibia siku moja mnaifidia mbele, kwa sababu kuanzia Makambako mko kwenye barabara kuu ya Dar–Mbeya, na hata gari likifa kabisa mama anapandishwa basi la Dar saa yoyote. Mkianzia Iringa, kipande hicho kinaangukia nusu ya pili ya safari, na mtu ana kazi Jumatatu.

Jua nalo. Masasi kwenda Songea ni kuelekea magharibi, mkitoka alfajiri linakuwa mgongoni. Mkija kinyume linakuwa machoni mwa dereva asubuhi yote. Kutoka Iringa kwenda Dar mtalipata machoni pia, hivyo siku hiyo kunyweni chai taratibu, mng'oe saa 2 na nusu.

Mgawanyo wa siku 12 ningeuweka hivi: siku ya 1 Dar hadi Kilwa Masoko. Ya 2 Kilwa Kisiwani. Kibali kinalipiwa ofisini Masoko kabla ya boti, nendeni asubuhi bahari ikiwa imetulia. Ya 3 Mtwara, ya 4 mapumziko na Mikindani, ni km 10 tu. Ya 5 Masasi, safari fupi kwa makusudi ili mlale mapema. Ya 6 Songea. Ya 7 na ya 8 Mbamba Bay kwenda na kurudi. Ya 9 Njombe. Ya 10 Iringa. Ya 11 Morogoro au Mikumi. Ya 12 nyumbani. Mama akichoka, kata Mbamba Bay. Usikate ile siku ya Masasi.

Mtwara–Masasi piteni Mingoyo, njia ileile mliyojia kwa kipande kidogo. Ile ya juu ya Newala ina lami hadi Mnivata, km 50, baada ya hapo kumekuwa na ujenzi na michepuko ya vumbi. Inavutia, lakini si kwa siku mnayotaka kuokoa nguvu.

---

Mama Ruvuma

Nyongeza mbili. Mkibadilisha tarehe zikaangukia Aprili au Mei, ulizeni hali ya barabara ya Dar–Lindi kabla ya kuondoka. Mei 2024, wakati wa kimbunga Hidaya, mafuriko yaliikata eneo la Somanga na mabasi yakakwama pande zote mbili. Mkikuta maji yanapita juu ya barabara, msifuate lori lililovuka: lina uzito na liko juu, IST inaelea maji yakifika tu sakafuni.

Na Mikumi. Barabara inakatiza hifadhi kwa kilomita 50 na hulipii kupita, lakini mwendo umewekewa kikomo na mnyama akigongwa faini yake ni kubwa. Hakuna kushuka kupiga picha. Swala wakivuka barabara usimwangalie yule aliyeshavuka, subiri wanaomfuata. Kama mtalala mji wa Mikumi siku ya 11, pangeni kuingia kipande hicho saa 1 asubuhi, wanyama wako karibu na barabara na malori ya usiku yameshapungua.

---

Mkweche

Nimeelewa. La mwisho: mizigo. Tukiweka kisanduku juu ya paa la IST kuna shida?

---

SpanaKumi

Shida mbili. Kinaongeza ulaji wa mafuta, na kinapandisha uzito juu, kwenye kona za Mbinga gari linayumba zaidi. Kama lazima, weka juu vitu vyepesi: makoti, magodoro ya mkeka, nguo. Maji, jeki na vyakula vikae chini kwenye buti, vibanwe na mgongo wa siti ya nyuma. Funga kwa mikanda miwili inayovuka paa, kaza upya baada ya kilomita 50 za kwanza kwa sababu mikanda inalegea mzigo ukijipanga. Na spea isizikwe chini ya mabegi yote. Pancha ya Namtumbo itakufanya utandaze nguo za familia nzima kando ya barabara.